Cessna ya mtumba Tabora: Bei si tatizo, tatizo ni saa

Ndege ndogo ya zamani imekuwa bidhaa yenye soko. Cessna 172 mpya, yenye injini moja na viti vinne, inauzwa zaidi ya dola 400,000 za Marekani. Matokeo yake ni kwamba wanunuzi wenye mtaji wa kati wanakimbilia zile za miaka ya 1960 na 1970, ambazo zilitengenezwa kwa maelfu na nyingi bado zinaruka. Kwa lugha ya sokoni, ni mtumba. Msomaji wetu wa Tabora, Urambo au Nzega anayefanya biashara ya tumbaku, asali au dhahabu, na aliyechoka kulala njiani, huenda naye amekwisha kupigiwa hesabu na dalali: toa kiasi hiki, na kuanzia kesho Kigoma ni saa mbili tu.

Hesabu ya dalali ina kasoro moja. Inaanzia kwenye bei ya kununulia na kuishia hapo hapo, wakati bei hiyo si mzigo mkubwa. Mzigo uko kwenye saa: saa ambazo injini imekwisha kutumika, na saa ambazo mwenye ndege atairusha kila mwaka. Mwenye namba hizo mbili anaweza kujua kama ananunua chombo cha biashara au ananunua madeni. Asiye nazo anabahatisha.

Kwanza, kwa nini mtumba wenyewe uwe ghali. Mwaka 1986 Cessna ilisimamisha kutengeneza ndege za injini moja ya pistoni, ikilalamikia kesi za fidia zilizokuwa zikifunguliwa hata kwa ndege zilizotengenezwa miongo kadhaa nyuma. Mwaka 1994 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayomkinga mtengenezaji ndege ikishafikisha miaka 18, na mwaka 1996 uzalishaji ukaanza tena katika kiwanda kipya cha Independence, Kansas. Pengo hilo la miaka kumi halikuzibika. Ndege inayoletwa sokoni leo kwa bei ya "rahisi" mara nyingi ina umri wa miaka 40 hadi 60, na mtu anayeiuza anajua hivyo kuliko mnunuzi.

POSHO NA HONGO

Jiografia ya Tabora haijabadilika tangu enzi za misafara. Burton na Speke, walioondoka pwani mwezi Juni 1857, waliingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba mwaka huo. Wakati ule pembe za ndovu zilikuwa na bei yake Ujiji na bei nyingine pwani, na faida yote ilikuwa katikati ya bei hizo mbili. Lakini katikati hapo ndipo palipokuwa na posho ya wapagazi na hongo ya kila mtawala ambaye msafara ulipita kwenye ardhi na visima vyake. Tajiri aliyehesabu pembe na kusahau posho alimalizikia Ugogo. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, biashara ya upagazi ilikufa, kwa sababu behewa moja lilibeba mzigo wa mamia ya watu.

Ndege kuukuu ina posho yake na hongo yake, na zote mbili ziko mbali na Tabora. Kwa mstari ulionyooka kutoka Tabora hadi Mwanza ni kama kilomita 290, Dodoma 345, Kigoma 350, Arusha 460 na Dar es Salaam 730. Cessna 172 ya zamani hukimbia kiasi cha kilomita 195 kwa saa upepo ukiwa shwari, na hunywa lita 30 hadi 35 za petroli ya ndege kila saa. Oili hubadilishwa takriban kila saa 50. Kila saa 100 ndege hufunguliwa na kukaguliwa na mhandisi mwenye leseni, na wahandisi hao pamoja na mabanda yenye vifaa wako Dar es Salaam, Arusha na kiwanja cha Wilson, Nairobi. Kwenda Arusha na kurudi ni karibu saa tano angani na lita 150 za petroli, kabla hujamlipa mtu yeyote hata senti. Kwa maneno mengine, katika kila saa 100 ambazo mwenye ndege wa Tabora analipia, saa tano ni za kuipeleka ndege hospitali.

SAA ZA INJINI

Tuchukue mfano. Ni mfano tu, na msomaji aweke namba atakazopewa na wauzaji wake mwenyewe. Muhimu ni jinsi ya kuzipanga. Tuseme Cessna 172M ya mwaka 1975 imenunuliwa na kufikishwa nchini kwa dola 70,000. Injini yake ni Lycoming O-320 ya nguvu za farasi 150. Mtengenezaji anashauri injini hiyo ifanyiwe matengenezo makubwa ikifikisha saa 2,000 au miaka 12, lolote litakalotangulia. Tuweke gharama ya matengenezo hayo, pamoja na kuisafirisha, kuwa dola 40,000.

Gharama za kudumu, zile zinazolipwa hata ndege ikilala bandani mwaka mzima, tuziweke hivi: bima 3,500, ukaguzi wa mwaka na kuhuisha cheti cha ubora wa ndege kuruka 4,000, maegesho 1,500. Jumla 9,000. Gharama za kila saa inayoruka: petroli lita 32 kwa dola 2.50, yaani 80. Oili na vichujio 10. Matairi, breki, plagi, magneto na vipuri vingine vidogo 25. Hiyo ni dola 115.

Kinachobaki ni injini, na hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Wanagawa 40,000 kwa saa 2,000 na kupata dola 20 kwa saa, wanafurahi. Lakini mwenye kuruka saa 40 kwa mwaka hatafikisha saa 2,000. Kwa miaka 12 atakuwa amefikisha 480, na injini itakuwa imezeeka kwa kalenda. Kwake injini si dola 20 kwa saa, ni dola 83. Ongeza 115, ongeza na 9,000 zilizogawanywa kwa saa 40, ambazo ni 225. Kila saa anayoruka inamgharimu dola 423.

Mwenye kuruka saa 100 kwa mwaka, ndege ile ile, atalipa 33 za injini, 115 za uendeshaji na 90 za gharama za kudumu: 238. Mwenye saa 200 atalipa kama 180. Na hatujagusa mtaji wenyewe. Dola 70,000 zikikaa kwenye akaunti ya muda maalumu kwa riba ya asilimia 5, kwa mfano, zingezaa 3,500 kwa mwaka bila kuhitaji oili.

Safari moja ya Kigoma kwenda na kurudi ni kilomita 700, yaani saa tatu na dakika 36. Kwa mwenye saa 100, hiyo ni dola 857. Ikigawanywa kwa abiria watatu ni 286 kila mmoja. Nauli za basi na treni kila mtu anazijua, hatuna haja ya kuzitaja hapa.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya uhasibu havilisemi. Darasani tulifundishwa kuwa mashine huchakaa kwa kutumika. Injini ya ndege huchakaa zaidi kwa kutotumika. Katika injini za Lycoming za aina hii kamshafti iko juu, si chini kwenye oili. Ndege ikilala wiki kadhaa, oili yote huteremka na chuma kile hubaki wazi kwa unyevu. Masika yakiingia, kutu huanza. Siku ikiwashwa, kutu hiyo husagwa pamoja na chuma chenyewe. Kwa hiyo tangazo linalosema "injini ina saa 300 tu tangu ifanyiwe matengenezo makubwa mwaka 2006" si sifa. Ni onyo. Injini yenye saa 1,200 iliyoruka kila wiki inaweza kuwa na afya bora kuliko hiyo.

NDOO SABA ZA ASALI

Neno "viti vinne" nalo linahitaji kufafanuliwa. Cessna 172M inaruhusiwa kuruka ikiwa na uzito wa jumla usiozidi kilo 1,043. Ndege ya umri huo, pamoja na redio na rangi zilizoongezwa kwa miaka, huwa na uzito wa kama kilo 640 ikiwa tupu. Zinabaki kilo 400. Matangi yakijazwa, petroli inachukua zaidi ya kilo 100. Rubani 75. Kinachobaki kwa abiria na mizigo ni kilo 220 hivi: watu wazima watatu wasio wanene, na mkoba. Au ndoo saba za lita 20 za asali, kwa kuwa asali ni nzito na ndoo moja hufika kilo 28. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa akibeba karibu frasila mbili, yaani kilo 32. Ndege nzima, basi, ni wapagazi saba wenye haraka.

Kwa hiyo biashara ya kubeba bidhaa kwa ndege hii haipo. Inachoweza kubeba ni mnunuzi mwenyewe, mkataba wenye tarehe ya mwisho, sampuli za madini, kipuri cha mashine iliyosimama, au mgonjwa. Shirika la Flying Medical Service la Arusha, lililoanzishwa mwaka 1983, limetumia Cessna 206 kwa miaka mingi kufikia viwanja vya vumbi. Lakini 206 ni kaka mkubwa, injini yake ina nguvu za farasi 300 hivi na hunywa karibu mara mbili ya petroli.

Hata hizo kilo 220 si za uhakika kila saa ya siku. Kiwanja cha Tabora kiko karibu meta 1,180 juu ya usawa wa bahari. Mwezi Oktoba, joto likifika nyuzi 32 mchana, hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba ndege huhisi kama iko zaidi ya meta 2,000. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Zile farasi 150 zinabaki kama 120. Kwenye njia ndefu ya Tabora mjini hilo linavumilika. Kwenye kiwanja kifupi cha wilayani chenye miti mwishoni, halivumiliki. Mazoea ya marubani wa bara ni kuruka alfajiri, kupunguza petroli kwenye mchanganyiko kabla ya kuondoka, na kumwacha abiria mmoja. Rubani aliyefundishwa pwani asiyefanya hivyo hana budi kufundishwa upya.

Tabora ina kumbukumbu yake katika hili. Mwaka 1920 gazeti la The Times la London liligharimia safari ya ndege aina ya Vickers Vimy Commercial kutoka Uingereza kwenda Cape Town, ikiwa na injini mbili za Rolls-Royce na abiria mmoja, mtaalamu wa wanyama Peter Chalmers Mitchell. Safari iliishia Tabora tarehe 27 Februari, ndege ilipoanguka wakati wa kuruka. Hakuna aliyekufa. Ndege ilikuwa mpya.

Upande wa magharibi kuna msitu wa miombo usio na mahali pengi pa kutua injini ikizima. Rubani mwenye busara hafuati mstari ulionyooka, anafuata reli: Urambo, Kaliua, Uvinza, Kigoma. Kwa reli ni kilomita zipatazo 410 badala ya 350. Tofauti hiyo ni dakika 20 na lita 10 za petroli. Katika hesabu zote za ukurasa huu, sidhani kama kuna fedha inayotumika vizuri kuliko hiyo.

PETROLI YA BULUU

Petroli ya ndege za pistoni, iitwayo avgas 100LL, ina rangi ya buluu na bado ina madini ya risasi. Nje ya miji michache haipatikani kwenye pampu. Hununuliwa kwa mapipa ya lita 200 na kusafirishwa kwa barabara. Pipa likikaa juani na kwenye mvua huingiza maji, na maji hukaa chini. Ndiyo maana lazima litulie, linyonywe kwa bomba lisilofika chini kabisa, petroli ichujwe, na kila asubuhi matangi yafunguliwe chini na kuangaliwa kwenye chupa. Rangi nayo iangaliwe. Mafuta ya jeti, yanayotumiwa na ndege kubwa, hayana buluu, na yakiingia kwenye injini ya pistoni kwa makosa huiua dakika chache baada ya kuruka.

Wapo wanaoshawishika kutia petroli ya kituo cha magari. Ni kweli kwamba Marekani baadhi ya injini za mgandamizo mdogo, ikiwamo ya 172M, zina kibali maalumu kwa petroli ya gari isiyo na spiriti. Kibali hicho ni cha ndege moja moja, na kwa ndege iliyosajiliwa hapa ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, yenye kauli. Kwenye joto na mwinuko wa Tabora petroli ya gari pia huchemka na kufanya mvuke kwenye mabomba. Bima haitakuuliza uliokoa shilingi ngapi kwa lita.

Mnunuzi wa leo aangalie pia mbali kidogo. Madini ya risasi ya avgas yanatoka kwa sehemu kubwa katika kiwanda kimoja cha Ellesmere Port, Uingereza. Umoja wa Ulaya uliweka Mei 2025 kuwa mwisho wa matumizi yake bila idhini maalumu, na Marekani imejiwekea lengo la kuacha petroli yenye risasi ifikapo mwisho wa 2030. Petroli mbadala, G100UL, iliidhinishwa Marekani mwaka 2022. Lini itafika Tabora kwenye pipa ni suala la waagizaji, na anayenunua ndege ya kuruka miaka 12 ijayo ananunua pamoja na suala hilo.

"ITAJILIPIA YENYEWE"

Hii ndiyo sentensi ya hatari kuliko zote. Mnunuzi anajipa moyo kwamba atabeba abiria wawili watatu wa kulipa na ndege itarudisha fedha. Ndege iliyosajiliwa kwa matumizi binafsi hairuhusiwi kubeba abiria kwa nauli. Anayetaka hivyo anahitaji leseni ya huduma za usafiri wa anga na cheti cha mwendeshaji kutoka TCAA, rubani mwenye leseni ya biashara, na mpango wa matengenezo ulioidhinishwa. Anayebeba kwa siri anaruka bila bima, hata kama karatasi ya bima iko mfukoni.

Njia halali ipo, na imewahi kufika mbali. Precision Air ilianza kuruka mwaka 1993 mjini Arusha kama kampuni ya ndege za kukodi, ikiwa na Piper Aztec moja ya viti vitano. Mwaka 2011 iliuza hisa kwa umma kwa shilingi 475 na kuorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Waliozinunua wanakumbuka pia hasara iliyotangazwa kwa mwaka ulioishia Machi 2013. Ndege zilikuwa kubwa zaidi. Hesabu ya saa, petroli na injini ilikuwa ile ile.

WANNE KWA NDEGE MOJA

Kwa maoni ya mwandishi huyu, kwa mfanyabiashara wa Tabora anayehitaji saa 40 kwa mwaka, kumiliki peke yake ni anasa. Wanne wenye mahitaji hayo wakiungana, ndege inaruka saa 160. Gharama za kudumu zinashuka hadi dola 56 kwa saa, injini inafikisha saa 1,920 ndani ya miaka 12 na kugharimu 21, na jumla inakuwa 192 badala ya 423. Injini nayo inapata mazoezi.

Ushirika wa namna hiyo huvunjika kwenye mambo madogo, si angani. Nani alipe tairi iliyopasuka siku ya zamu yake? Nani aitumie wiki ya masoko ya tumbaku, wakati wote wanne wanaihitaji? Anayetaka kujitoa auze fungu lake kwa nani, na kwa bei ya nani? Yaandikwe mbele ya wakili kabla fedha haijatumwa. Na fedha ya injini, zile dola 21 za kila saa, iwe na akaunti yake yenye sahihi tatu. Ni upatu ambao mwenye zamu ni mmoja tu, nayo ni injini.

Kabla ya kutia sahihi, walete mhandisi wao wenyewe, si wa muuzaji. Asome vitabu vya kumbukumbu za ndege tangu siku ya kwanza. Pengo la miaka katika vitabu hivyo lishushe bei kwa nguvu. Aangalie kutu ndani ya mabawa, kwa kufuata ukaguzi wa ziada ambao Cessna ilitoa mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa ndege zake za zamani. Kama ndege ni ya kati ya 1977 na 1980, aulize kama injini ni O-320-H2AD, ambayo ilisifika kwa kula kamshafti. Asukume viti mbele na nyuma: reli ya kiti iliyolika imewahi kumrudisha rubani nyuma wakati pua ya ndege imeinuka, na kipuri chake ni cha bei ndogo. Mwisho achungulie mabomba na matundu yote. Nyigu wa udongo hujenga ndani ya bomba linalopima mwendo kwa siku mbili tatu, na katika mkoa wa asali hata nyuki hawachagui mzinga. Vifuniko vyake, vyenye utepe mwekundu, vinaweza kushonwa na fundi cherehani yeyote wa mjini Tabora.